Wasichana Wawili, Kadi Moja

Mama yangu alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni mwa jiko lake kule Mweiga na kuita jina lake mwenyewe. Wasichana wawili waliitika kwa pamoja na kuja mbio wakisukumana: binti yangu, aliyekuja likizo kutoka mjini, na binti wa ndugu yangu mkubwa, aliyeishi hapo. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, hakuna mjadala. Sisi tuliongeza hata jina la ubatizo la mama, na la ukoo lilikuwa la baba yetu. Walizaliwa mwaka mmoja, wakapishana miezi minne. Mama alijiona amezaliwa upya mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumwambia vingine.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, kazi ambayo majirani zangu wa mtaa wa Skuta, mjini, waliamini ni kutengeneza redio. Hospitali moja ilinipa kazi ya kuhamishia kadi za wagonjwa kwenye mashine. Kadi zilijaa kabati mpaka dari, na wengi walikuwa nazo mbili au tatu, kwa sababu aliyepoteza nambari yake aliandikiwa nyingine. Nikaandika programu ya kuondoa zilizorudiwa. Ilitafuta kadi zenye majina yaleyale matatu, mwaka uleule wa kuzaliwa na nyumbani palepale. Ikizipata, ilibaki na mpya na kufuta ya zamani. Ilimaliza kwa siku moja kazi ambayo makarani wangeifanya mwaka mzima. Nilivimba kichwa, nisifiche. Nikaalikwa kuieleza kwenye kongamano Harare, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nimevaa suti ya kuazima kwa ndugu yangu.

Harare nilisema mbele ya watu, "Mashine haichoki na haisahau," wakanipigia makofi. Nayakumbuka maneno hayo kwa aibu mpaka leo. Nikanunua magauni mawili ya samawati yanayofanana, kwa sababu ningeleta moja tu, mama angeninunia mwezi mzima.

Nilifika Skuta mchana, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani yetu, mke wa askari polisi kutoka Kakamega, alikuwa anaanika nguo. Aliponiona, shati likamponyoka.

"Baba, kimbia hospitali! Ile msichana yenu imedungwa sindano ikaanguka. Mama watoto ametoka hapa akilia."

Sanduku nililiacha hapo hapo kwenye nyasi. Njia siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba langoni mwa hospitali nilimwona mke wangu kwenye benchi, na binti yangu kando yake akila ndizi, mzima kabisa. Nilimshika uso, nikamshika tena, nikacheka kama mwehu. Mke wangu hakucheka.

"Si huyu," alisema. "Ni yule wa Mweiga."

Ndugu yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na pumzi ilitoka kwa kukoroma. Mwili wa mtoto huyo haukuvumilia dawa ya penisilini. Familia nzima tulijua, na hospitali iliwahi kuandika hivyo kwenye kadi yake kwa wino mwekundu. Lakini siku hiyo alikuwa ameletwa na mwalimu wake akiwa na homa kali, hajijui.

Muuguzi, mama mtu mzima kutoka Siaya, alininyoshea karatasi.

"Niliuliza mashine kabla sijadunga," alisema. "Angalia mwenyewe. Kikohozi, mwezi wa pili. Akapewa penisilini, akapona. Hakuna kitu ingine."

Kikohozi cha mwezi wa pili kilikuwa cha binti yangu. Hakuwahi kuishi Mweiga, lakini karani aliponiuliza nyumbani ni wapi, nilijibu Mweiga, kama anavyojibu mwanamume yeyote wa kwetu aliyepanga nyumba mjini. Mashine ilidhani kadi zao mbili ni za mtu mmoja, ikafuta ile ya wino mwekundu. Mimi, ninayeitwa jina la babu yangu pamoja na binamu watano, nilikuwa nimeandika programu isiyojua kwamba watu wawili wanaweza kuitwa jina moja!

"Hiyo kitu ni wewe ulitengeneza?" ndugu yangu aliuliza.

"Ni mimi."

"Na ukaenda kuisifu na suti yangu."

Bado nilikuwa nimeivaa.

Mama alifika na chupa ya uji. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kikuyu, "Hiyo mashine haikuuliza mtoto ni wa nani?"

"Haikuuliza, mama."

"Ati haikuuliza?" Alinitazama kwa mshangao mtupu, bila hasira. Yeye mtoto yeyote akipita kwake, hilo ndilo swali la kwanza.

Mtoto alifungua macho siku ya tatu. Kadi za zamani, kwa bahati, zilikuwa bado kwenye magunia stoo. Muuguzi na mimi tulizipitia moja moja kwa wiki nyingi, tukiandika jina la mama ya kila mgonjwa. Kila tulipokuta watu wawili mahali mashine ilipoona mmoja, niliandika kadi mbili upya kwa mkono wangu.

Shule zilipofungwa, ndugu yangu alimbadilishia binti yake jina, akampa la mama mkwe wake. "Sitaki achanganywe tena," alituambia.  Mama alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe, na saa ya kukamua ilikuwa bado.

Tangu hapo, alipoita jina lake mlangoni mwa jiko, aliyekuja mbio ni wangu peke yake. Yule wa Mweiga aliinuka, akakumbuka, akakaa tena.