Uzi wa Mwanga na Ngozi ya Pweza

Nakumbuka asubuhi moja ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipoharibu shamba la mwani la mtu kwa sababu ya kujiona najua.

Nilikuwa fundi redio kijana wa Mkunazini, kule mjini. Nilikuwa nimebuni kipimo cha kujua mawimbi yanazivuta kamba za mwani kwa nguvu kiasi gani, ili kina mama wajue wapi wapande mwani using'oke. Twende taratibu, si jambo gumu. Chukua uzi wa kioo, washa tochi upande mmoja, mwanga utatokea upande wa pili. Ukiupinda uzi, mwanga kidogo huvuja njiani. Basi ukipima mwanga uliofika, umejua uzi umepindwa kiasi gani.

Ila kioo hakipendi kupindwa sana. Nikautia uzi wangu ndani ya bomba gumu linalopinda kidogo tu, nikalifunga kwenye kamba za Bi Mwanaidi, mama wa pale aliyenikubalia kwa moyo mweupe. Kamba za mwani huachwa zilegee kidogo baina ya kijiti na kijiti. Mimi ulegevu ule ulinikera, kwani ulikuwa ukiutikisa mshale wa mita yangu ya kupimia mwanga. Bi Mwanaidi alipokwenda zake nyumbani, nikazikaza zote. Sikumuuliza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakajaa. Yalipotoka kesho yake, kamba zilizokosa ulegevu zimeng'oa vijiti, bomba limevunjika, na mwani uliobakisha wiki moja kuvunwa umechukuliwa wote. Mwani ule ndio Bi Mwanaidi aliokuwa akiutegemea aezeke bati kabla ya masika.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Nani kazikaza kamba zangu?"

"Bahari, Bi. Bamvua la mara hii kubwa."

Akaokota kipande cha kamba, fundo langu lingali juu yake. "Bahari ya wapi inayofunga fundo la kifundi? Umezikaza kama nyuzi za ganuni, mtoto wa mjini. Ulitaka samaki waje wapige taarabu?"

Wenziwe waliokuwa mashambani mwao kando wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ni mimi, Bi. Nisamehe."

"Kusamehe nshakusamehe. Kesho maji yakitoka, njoo upande."

Nikapanda naye siku zote za bamvua lile, mgongo unauma, vidole vimechubuka. Siku moja akamtoa pweza pangoni, akaniwekea mkononi. Nilitaka kumtupa.

"Tulia! Mwache akupapase."

Mkono wa pweza ukanizunguka kidole, ukaingia kila bonde la kiungo. Bi Mwanaidi akauvuta taratibu, na ngozi iliyokuwa na mikunjo ikakunjuka. Alipouachia, ikajikunja tena.

"Huyu hana mfupa hata mmoja," akasema, "na hapana asilolijua humu majini. Hicho chako kina mifupa mitupu."

Niliporudi mjini nikakiacha kioo. Nilichukua mshipi mnene wa kuvulia, wa nailoni, ule mweupe unaopitisha mwanga. Nikauvuta mpira wa ndani wa baiskeli, nikaugandisha mshipi juu yake, kisha nikauachia mpira. Mshipi ukajikunja mawimbi mawimbi, kama ile ngozi; ukivutwa, mikunjo hufunguka na mwanga zaidi hufika. Kamba hukatikia pembamba, lakini kitu chenye mikunjo kina akiba ya kutoa kinapovutwa.

Masika ile Bi Mwanaidi aliweka mabeseni chini ya paa lake kukinga mvua iliyovuja. Hilo sikuweza kulirudisha. Hata hivyo alikuja kukitazama kipimo kipya, kimefungwa kwenye kamba iliyolegea, mshale ukipanda na kushuka kwa kila wimbi.

"Sasa kinasikia," akasema. "Kile cha mwanzo kilikuwa kinabisha tu."

Mwanangu, nawe utatengeneza vitu, tena vyembamba na laini kuliko tulivyoota sisi. Usiulazimishe ulimwengu ukakamae ili kipimo chako kipate raha, kilegeze kipimo. Kitu cha mtu muulize mwenyewe kabla hujakigusa. Ukikosa, sema "ni mimi" mara ya kwanza unapoulizwa, usingoje ya pili kama mimi. Na viumbe waliotutangulia katika kazi hii ya kuipapasa dunia watazame kwa adabu, kama unavyomtazama mwalimu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami ndiyo maana nakwambia leo.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono mitulivu na moyo usiokakamaa, na kila utakapopita kufanya kazi, wenye pahala pao wafurahi kukuona unarudi.