Motere Iliyodaiwa na Wawili

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alifika kwangu Ruashi Jumapili moja baada ya misa, amekaa mbele kwenye kamionete ya kukodi. Nyuma, juu ya godoro kuukuu, kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa blanketi. Nilidhani analeta mgonjwa. Nilikimbia, nikashusha mlango wa nyuma, nikafunua blanketi na kukuta motere.

Ilikuwa injini ya mashua, ya zile zinazofungwa nyuma ya chombo huku mguu wake ukiwa ndani ya maji. Wavuvi wanazo, lakini hii haikuwa ya wavuvi. Ilikuwa ya mashindano. Mama mdogo alikimbiza mashua alipokuwa msichana, enzi za klabu ya ziwani. Baba yao alikuwa mtu wa reli, na klabu ile haikuwa mahali pa watoto wa watu wa reli. Aliingia pale kuuza vitumbua, akaishia amepiga magoti ndani ya mashua, kofia ngumu kichwani. Sisi watoto wa ukoo tuliijua habari hiyo kwa picha moja tu, na katika picha yenyewe uso wake hauonekani.

"Nataka uifanye tena," aliniambia. "Ikuwe ya bana ba leo."

Mimi nafundisha uchoraji wa mashine katika shule ya ufundi. Mtu akiniambia fanya tena, iwe ya watoto wa leo, nauliza. Nikamuuliza: nitengeneze hii hii, niige nyingine kama hii, au nibuni mpya kabisa? Alinitazama kana kwamba nimemuuliza yeye ni nani.

"Njo ile ile," alisema. "Lakini ya sasa."

Alikuwa amekuja na mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu, ambaye yeye na rafiki zake walikuwa na hamu ya kushindana majini. Bibi, au kambo kama anavyomwita, alipoenda kusalimiana na mke wangu, msichana alinisogelea.

"Tonton, ifanye ya umeme," alininong'oneza, kwani kwake mimi ni mjomba. "Ya essence hatutaki. Kelele, moshi, harufu. Umeme tu."

"Kambo yako anajua?"

"Utamuambia weye."

Sikumwambia. Niliifungua motere kwanza, nikitumaini kwamba nikiiona ndani nitaelewa ninachotakiwa kufanya. Haikuwa hivyo. Kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Haikuwa na nafasi ya kupumzika: ikiwaka tu, mashua inaondoka, upende usipende. Iliwashwa kwa kamba iliyozungushwa juu ya gurudumu zito. Moshi ulitoka kwa mabomba mawili mafupi yasiyo na chochote cha kupunguza sauti. Juu ya pistoni kulikuwa na utando wa njano wa mafuta ya mbarika waliyochanganya na essence, yaani petroli, na baada ya miaka yote ile bado ulinuka. Pistoni zenyewe hazikufanana. Moja ilikuwa nyepesi kuliko mwenzake. Propela ilizungukia kushoto, wakati zote nilizowahi kuchora zinazungukia kulia. Nilipokwangua rangi ya kijivu ya juu, chini yake ilitokea kijani.

Nilikwenda Naviundu, anakokaa mama mdogo, nikamwonyesha kipande nilichokwangua.

"Kijani?" alisema. "Apana. Yangu ilikuwaka nyekundu."

"Labda kuna mtu aliipaka."

"Nani angepaka motere yangu?"

Kuhusu propela hakuwa na shaka. Yeye ndiye aliyeomba izungukie kushoto, kwa sababu mashua yake ilikuwa na tabia ya kuinua ubavu kwenye kona. Nilirudi nyumbani nimefurahi kidogo. Angalau jambo moja lilikuwa limeeleweka.

Furaha hiyo haikudumu. Nilikuwa nimesikia kwamba mmoja wa watu walioshindana naye bado yuko mjini, mzee wa familia iliyotoka Kasai, mwenye duka la vyuma na misumari. Nikaenda kumuuliza habari za pistoni. Alichukua simu yangu niliyopigia motere picha, akaikuza picha kwa vidole viwili, akacheka, kisha kicheko kikamtoka usoni.

"Hii ulitosha wapi?" alitaka kujua nilikoipata.

"Ya mama yangu mdogo."

"Apana, mwana. Hii iko yangu. Ya juu sijui, lakini huku chini iko yangu. Helisi inaenda kushoto, si ndiyo? Miye njo niliigeuzaka. Miye naandika na mukono ya kushoto, nilikuwa nalala upande ile."

Nilimwomba anieleze, pale pale kati ya ndoo za misumari. Alieleza alivyoigeuza, gia kwa gia, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Lakini na ya mama mdogo yalikuwa sahihi. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kwa propela ile ile moja.

Nilipompelekea mama mdogo maneno hayo, aliweka chini sahani aliyokuwa anaifuta.

"Yeye? Yule alikuwaka nyuma yangu kila siku! Ataonea wapi helisi yangu?"

Nilitaka kusema kwamba aliye nyuma ndiye anayeiona propela vizuri kuliko wote. Nikaichukua sahani ile, nikaifuta mimi.

Basi nilianza kuchora bila kujua ninachora motere ya nani. Nilibakiza umbo la kifuniko, mguu ule mrefu mwembamba, propela ya kushoto, na mpini wenye springi ambao dereva akiuachia kila kitu kinazima. Pistoni nikaziondoa, mahali pake nikaweka mota ya umeme. Betri zingekaa kwenye sakafu ya mashua, kati ya magoti ya dereva. Nilipompa mama mdogo habari ya umeme, nilitegemea ugomvi. Aliuliza swali moja tu.

"Donc nitajua namna gani kama inaenda?"

Nilirudi kwenye mchoro kutafuta jibu. Usiku huo wala siku zilizofuata sikulipata. Niliutazama mchoro wangu na kuona kofia ya motere ya zamani imevalishwa kitu kingine. Nikifuta kofia, haikuwa tena motere yao. Nikiacha kofia, sikujua inafanya kazi gani pale. Msichana aliipenda. Mke wangu alisema inafanana na birika. Mwishowe niliipeleka kwa mafundi wanaoyeyusha alumini na kutengeneza sufuria, nao wakanitolea kifuniko kizuri, kizito kuliko nilivyotaka.

Tulikwenda kuijaribu upande wa Lukafu, kwenye shamba la rafiki yangu aliyezuia kijito na kupata bwawa la kumwagilia mahindi. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, baridi, na majani yaliyochomwa mahali fulani yalinukia mpaka pale. Gari lilikuwa moja, kwa hiyo mama mdogo na yule mzee, aliyesema lazima aione propela yake, walikaa kiti kimoja cha nyuma. Njia nzima hawakusemeshana. Kila mmoja alizungumza na mimi, kuhusu mwenzake.

Msichana alivaa kofia na koti la kuelea, akapiga magoti ndani ya mashua ndogo tuliyoazima, akashika usukani kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine. Nikamwashia umeme.

"Imewaka?" mama mdogo aliuliza.

"Haiyawaka," mzee alimjibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

Lakini mashua ilikuwa imeshaondoka. Ilikwenda bila sauti zaidi ya maji kupasuka, na wazee wale wawili waliitazama kama watu walioibiwa kitu mchana kweupe. Kisha ilifika kwenye kona, ubavu ukainuka, pua ikapanda, ikaanza kuteleza kuelekea matete. Sikuelewa kosa liko wapi. Uzito wa kifuniko? Betri? Propela ya kushoto? Niliinua mikono juu kumwashiria aachie mpini.

"Lala ndani!" walipiga kelele wote wawili kwa pamoja. "Lala ndani!"

Msichana alisikia. Alijitupa kushoto, upande wa ndani wa kona, bega karibu na maji, mashua ikashika maji na kugeuka.

Mzee alinishika mkono. "Amesikia," alisema kwa mshangao. "Zamani, na kelele ya motere, ungelia mupaka ufe, hakuna muntu angekusikia."

Baada ya hapo hawakunyamaza tena. Walitembea juu ya ukuta wa bwawa, huyu anapunga kanga, huyu anapunga kofia, na kila kona walikuwa na agizo. Tatizo ni kwamba hawakukubaliana. Mmoja alisema mapema, mwingine alisema bado. Msichana alimtii huyu, kisha yule, mashua ikawa inayumba kama imelewa. Aliporudi ukingoni alivua kofia, jasho linamtoka.

"Nisikie nani?" aliuliza.

"Miye," walijibu wote wawili.

Ndipo mama mdogo akavua viatu. Tulimkataza, akajifanya hasikii. Tulimvalisha koti la kuelea, tukamshusha taratibu ndani ya mashua, magoti yake yakilalamika na yeye akilalamika zaidi. Alikwenda polepole mpaka katikati ya bwawa. Pale aliinamisha kichwa, na mashua ikaruka mbele, ikakata maji moja kwa moja. Alikata kona moja tu. Bega lake lilishuka kabla ya kona kufika, na mashua haikuinua ubavu hata kidogo.

Alipotua, macho yake yalikuwa na machozi. Upepo, alisema.

"Haiko motere yangu," aliniambia.

"Wala yangu," mzee alisema, ingawa hakuwa ameijaribu.

Nilizima umeme. "Donc nimeshindwa?"

"Nani alisema umeshindwa?" Mama mdogo alionekana kushangaa kwa kweli. Alimgeukia mjukuu wake. "Barafiki yako beko bangapi?"

"Batatu, kambo."

"Bon. Fanya ingine tatu."

Nilirudi mjini nikiwa sijui kama nimesifiwa au nimegombezwa. Mezani kwangu motere ya zamani ilikuwa bado vipande vipande. Niliuliza niifanyie nini. Mama mdogo alisema niiache ilivyo. Mzee alisema niifunge tena, angalau sehemu ya chini. Nimefunga sehemu ya chini, ya juu nimeiacha.

Motere mpya ya pili ilitoka mwezi uliopita. Nimeichora kwa vipimo vile vile, mafundi wale wale wa sufuria, mota ile ile. Inatetemeka ikifika nusu ya mwendo, na ya kwanza haitetemeki. Sijui kwa nini. Wasichana wanagombea hiyo inayotetemeka, na nikiwauliza sababu, wanasema wanaipenda tu.