Kanda Iliyopiga Makofi

Nilienda kununua betri kwa duka la kanda hapa Kitengela, nikabaki kwa ajili ya umbea. Jirani yangu na bintiye, bibi harusi mtarajiwa, walikuwa wanachagua muziki wa piano wa kuingilia kanisani. Ni sonata moja maarufu, lakini muuzaji alikuwa na kanda mbili, kila moja na mpigaji wake.

"Huyu wa kwanza anapiga polepole, mum. Nitatembea vizuri."

"Huyu wa pili anapigiwa makofi mwishoni mwa kanda. Watu wa bwana yako nawajua, watakaa kama wako matanga."

"Lakini anakimbia. Ataniacha njiani."

Mama akainua rinda kidogo, akatembea kibibi harusi hadi kwa mlango wa duka. "Utafika."

Siku ya harusi hakufika. Piano iliisha akiwa katikati ya kanisa, spika zikalipuka makofi. Mama mkwe akageuka, akatukazia macho sisi wa upande wa msichana, kisha akasimama na vigelegele, ukoo wake wote ukamfuata ili wasishindwe.

Mpaka leo anasifu vile tulivyomshangilia msichana wetu. Wasomaji, mkikutana naye, kanda hamuijui.