Sahani ya Baba Kengele

Jioni ya kwanza melini Mama Mwiko alitamka maneno mawili tu, na maneno hayo yakamfunga kamba miguuni safari nzima. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wake haukuponza kichwa chake peke yake, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Jina hilo la Mama Mwiko hakupewa na wazazi. Alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni aliyoipikia miaka arobaini na mmoja, kwa sababu mwiko wake ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe na haukuwa wa kukorogea tu. Aliyemwaga chakula aliuona ukimjia. Siku moja alimsimamia mwanafunzi mpaka akaokota wali aliotupa sakafuni, punje baada ya punje, huku ukumbi mzima ukitazama. Chakula kutupwa kilimuuma mwilini, kama vile aliyetupwa ni yeye.

Mumewe alikuwa mlinzi wa lango wa shule hiyo hiyo, na ndiye aliyepiga kengele ya chakula, kwa hiyo naye akawa Baba Kengele. Basi tazama mambo ya dunia: aliyewaita watu mia sita kula ndiye aliyekula wa mwisho, maana ilimbidi asubiri langoni mpaka kila mtoto aingie ukumbini. Mama Mwiko, wakati ule akiwa msichana tu wa kukata vitunguu, alimwonea huruma. Akawa anampakulia mapema, kabla masufuria hayajakwanguliwa, anaifunika sahani kwa sahani nyingine na kuiweka ubavuni mwa jiko. Mtu akiifunua na kuuliza ni ya nani, jibu lilikuwa lile lile: "Anachelewa. Mfunikie." Mapenzi yao yalianzia hapo, chini ya sahani iliyofunikwa, na hata walipokuwa na watoto wanne na mvi kichwani, hapakuwa na siku aliyokula kabla hajamfunikia.

Walistaafu mwaka mmoja. Wanafunzi wa zamani, wengine sasa wana vitambi na vipara, wakawapa zawadi ambayo hawakuiota: siku nane kwenye meli ya utalii, wao wawili. Baba Kengele alisoma karatasi ya safari mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Sehemu aliyoipenda ni ile ya chakula cha jioni, kwamba wageni huketi ukumbini kwenye meza yao, mhudumu wao ni mmoja safari nzima, nao hawanyanyui hata kijiko cha kupakulia. Akashonesha koti la bluu kwa ajili ya ukumbi huo. "Safari hii wewe utakaa," alimwambia mkewe, "na kengele atapiga mwingine."

Wiki saba kabla ya safari alianguka bafuni asubuhi, na hakuinuka.

Binti yao mkubwa ndiye aliyepiga simu zote na kuwaambia watu. Mama Mwiko hakumwambia mtu hata mmoja. Wapo waliodhani ni mwanamke jasiri kwa kunyamaza vile, lakini ukweli ni kwamba neno lenyewe lilikataa kutoka. Binti huyo huyo ndiye aliyemshikilia asafiri. Akasema baba angekasirika zawadi ikiachwa, akambebea sanduku hadi bandarini. Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni kuwaeleza wenye meli kwamba wageni wawili wamebaki mmoja. Na kitu ambacho binti hakukijua ni kwamba chini kabisa ya sanduku mama yake alikuwa amekunja koti la bluu.

Sasa jioni ile ya kwanza. Meza ilikuwa ndogo, kando ya dirisha, imeandaliwa kwa watu wawili. Mhudumu alikuwa mwanamume wa makamo, kitambaa cheupe kimelala mkononi kimenyooka, na Mama Mwiko akambatiza Bwana Kitambaa hapo hapo moyoni. Alimpenda kwa jinsi alivyoweka sahani, bila kishindo. Huyu ni mtu wa kazi, alijisemea. Bwana Kitambaa akatazama kiti kitupu, akatazama orodha yake, akauliza kwa adabu: "Tumsubiri mwenzako, mama?"

"Anachelewa," Mama Mwiko alisema. "Mfunikie."

Hakuwa amekusudia kudanganya. Kinywa kilijibu kama kilivyojibu miaka arobaini na mmoja, bila kumuuliza mwenyewe. Alipotambua alichosema, Bwana Kitambaa alikwisha kuondoka, na aliporudi alikuwa na sahani mbili, moja ina kifuniko. Pale ndipo pa kusema. Alifungua mdomo, akatia kijiko badala ya kutoa neno.

Mama Mwiko alipomaliza kula, Bwana Kitambaa alimsogezea ile iliyofunikwa, akainama na kunong'ona kwamba kwa sheria chakula hakitoki ukumbini, lakini mtu hawezi kulala njaa na chakula kipo. Ampelekee baba, bado kina moto. Mama Mwiko akaibeba. Angefanya nini? Huo ulikuwa wema ambao yeye mwenyewe angeufanya.

Chumbani aliiweka mezani, chini ya koti la bluu alilokuwa amelitundika mlangoni mwa kabati. Akakaa kitandani kuitazama. Kuila alishindwa, hajawahi kula sahani ya mumewe. Kuirudisha ilivyo ni kuulizwa. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na paka, na dirisha la meli halifunguki. Asubuhi, mwanamke yule yule wa punje baada ya punje alipiga magoti chooni, akamwaga wali na samaki mle ndani, akavuta maji huku amefumba macho. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo alivyofikiri. Ila mwanaharamu mwenyewe alikuwa ndiye mfunikaji, sasa apite aende wapi?

Jioni ya pili hakuthubutu kwenda. Alipanda juu, karibu na bwawa la kuogelea, ambako watu hujipakulia wenyewe na kula wakiwa wamevaa kandambili. Alikula mkate mkavu na chai kama mwizi. Kushuka kwake kulimpitisha kwenye ngazi ambazo ukutani mwake pana kioo, na kupitia kioo hicho ukumbi wote ulionekana. Meza yake ilikuwa tayari. Bilauri mbili, vitambaa viwili. Bwana Kitambaa alikuwa amesimama kando, akaunyoosha uma ambao ulikuwa umenyooka, akatazama mlango, akaunyoosha tena. Mama Mwiko alishika chuma cha ngazi. Alikuwa anaujua uma ule. Ukishapika na watu wasije, mikono hutafuta kazi isiyokuwepo.

Akakimbilia chumbani, na haukupita muda mlango ukagongwa. Sahani mbili, zimefunikwa. Bwana Kitambaa alisema hakuwaona mezani, akapata wasiwasi, je, baba anaumwa?

Bahari inamsumbua, alijibu Mama Mwiko kupitia ufa wa mlango. Na uongo wa pili, tofauti na wa kwanza, alikuwa ameuchagua.

Basi ikawa hivyo. Jioni ya tatu sahani zikaja, na chai ya tangawizi ya kutuliza tumbo. Jioni ya nne ikaja supu nyepesi, na maelezo mlangoni: anywe kidogo kidogo, alalie ubavu, akiweza atazame mbali. Mama Mwiko aliwasha televisheni kabla mlango haujagongwa ili ndani kuwe na sauti ya mwanamume. Umri wa miaka sitini na mbili, bibi wa wajukuu sita, anaficha mtu ambaye hayupo. Angekuwa si yeye, angecheka mpaka mbavu ziume. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akijifundisha: leo nitashuka, nitakaa, nitamwambia. Alisema "mume wangu ame..." na hapo akakigeuzia kioo mgongo. Kila jioni alipanda juu kula katikati ya kandambili za watu, na kila mkate alioumeza ulikuwa na sura ya mtu aliyesimama kando ya meza tupu. Kisha magoti chooni.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku ya tano choo kiligoma. Kilinguruma, kikapanda badala ya kushuka, na fundi bomba aliyeitwa akavuta humo wali, karoti na mfupa wa kuku. Aliviweka kwenye ndoo, akamtazama bibi wa watu, akaandika kwenye karatasi yake. Mama Mwiko alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali.

Asubuhi iliyofuata mwanamke wa usafi alikuja kutandika kitanda akamwaga habari zote bila kuulizwa. Bwana Kitambaa ameitwa kwa mkuu wa wahudumu. Ametoa chakula ukumbini jioni nne, na kibaya zaidi, alijua chumba hiki kina mgonjwa asimwambie daktari, na kwenye meli ugonjwa haufichwi, ni kosa la kufukuzwa. Kesho meli ikitia nanga atateremshwa na mizigo yake. Miaka kumi na tisa ya kazi, mama, alisema mwanamke wa usafi akipiga mto, na yote kwa huruma. Halafu akatazama kitanda cha pili, ambacho shuka lake halikuwa na hata mkunjo mmoja tangu bandarini, akauweka mto chini.

Maji yalikuwa yamemfika Mama Mwiko shingoni. Alibaki peke yake, ameshika mkono wa koti la bluu. Na msimfanye malaika, maana wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya: anyamaze. Siku mbili tu zimebaki. Ateremke, aende zake, asimwone tena mtu wa meli hii maisha yake yote. Akiulizwa atasema baba alishuka bandari ya juzi. Aliligeuza wazo hilo kama mtu anayegeuza samaki kikaangoni, upande huu na upande ule, mpaka akalionea kinyaa. Mtu alikuwa anafukuzwa kazi kwa kosa la kumfunikia mwenzake sahani. Yeye mwenyewe angefukuzwa mara ngapi?

Alivaa viatu, akashuka.

Ofisi ya mkuu wa wahudumu ilikuwa na meza, orodha za meza zote ukutani, na viti viwili. Bwana Kitambaa alikuwa amesimama. Mkononi hakuwa na kitambaa, na bila kitambaa alionekana kama mtu aliyevuliwa shati. Mkuu alimkaribisha Mama Mwiko kiti na kusema daktari yuko njiani kumwona mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa," alisema Mama Mwiko.

"Chakula alikula nani?"

"Hakuna aliyekula. Nilikitupa mimi. Huyu bwana hajaficha ugonjwa, mimi ndiye niliyemdanganya." Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mume wangu amekufa. Alikufa hata kabla sijapanda meli. Nimeshindwa tu kusema."

Neno lilitoka. Halikuwa na sauti kubwa, wala halikumpa nafuu yoyote aliyokuwa akiiwazia mbele ya kioo. Alimgeukia Bwana Kitambaa, tayari kutukanwa, akitamani kutukanwa.

"Mama," alisema Bwana Kitambaa polepole, "mimi nilikuwa namwombea apone. Jikoni wote tulikuwa tunamwombea."

Afadhali angempiga kofi. Mama Mwiko alilia pale pale, mbele ya orodha za meza, kilio ambacho hakuwa amelia msibani, na wanaume wawili wakatazama sakafu.

Alipoweza kusema aliomba yeye ndiye aadhibiwe. Mkuu akajibu, bila ukali, kwamba mgeni haadhibiwi. Suala la mgonjwa amelifuta, kwa hiyo hakuna wa kuteremshwa kesho. Lakini chakula kilitoka ukumbini, na mhudumu alijua sheria. Ataondolewa ukumbini, atakwenda kuosha vyombo mpaka mkataba wake uishe. Mama Mwiko aliomba tena, na tena, akalitaja hata lango la shule na kengele, mambo ambayo mkuu hakuyaelewa. Bwana Kitambaa ndiye aliyemkatiza. Alimwambia inatosha, mama, nenda ukale. Hakutabasamu. Akatoka kuelekea ngazi za chini, mahali wageni hawafiki.

Jioni ya mwisho Mama Mwiko alivaa gauni lake zuri na kwenda ukumbini. Njaa hakuwa nayo. Meza ilikuwa pale pale kando ya dirisha, bilauri mbili, vitambaa viwili, kwa sababu orodha ilikuwa bado haijarekebishwa. Mhudumu mpya, mwanamke mrefu mwenye haraka, akatazama kiti kitupu, akauliza: "Tumsubiri mwenzako, mama?"

"Tusimsubiri," alisema Mama Mwiko. "Amekufa. Lete sahani moja."

Mwanamke yule akasema pole, akaondoa vyombo vya upande wa pili. Chakula kikaja, na Mama Mwiko akakila chote, kikiwa cha moto, kwa mara ya kwanza bila kumfunikia mtu. Kilimpita kwa shida, kila tonge lilisimama njiani. Alipomaliza akachukua kipande cha mkate, akaifuta sahani kuanzia ukingoni hadi katikati, akaifuta tena, mpaka hapakubaki hata tone la mchuzi la mtu kukwangua. Meza ya jirani walimtazama. Aliwaacha watazame.

Sahani zile zilishuka chini kwa mamia, zote nyeupe, zote sawa. Hakujua kama Bwana Kitambaa angeitambua ile iliyofutwa.