Mshauri wa Shangazi

Mwaka 1992 nilikuwa na tai mbili, kalamu ya wino na maneno mengi. Nilifanya kazi katika chama kimoja cha akiba hapo Kigali, na kazi yangu ilikuwa kuwashauri watu waweke wapi fedha zao. Wasichokijua ni kwamba chama kilinilipa kwa kila mtu niliyemleta.

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Biryogo, mjane, mpangaji wa chumba kimoja. Siku moja alinijia ofisini na akiba yake ya miaka kumi na moja. Kulikuwa na mtu huko Gahanga, pembezoni mwa mji, aliyekuwa akiuza kiwanja. Alitaka kujua anunue au aziweke kwetu.

"Mimi hapana jua mambo ya banki," alisema. "Wewe iko mutoto ya kaka yangu. Niambie vile wewe ungefanya kama ni franga zako."

Zingekuwa zangu, ningekimbia Gahanga siku ileile. Kaskazini kulikuwa na vita, faranga ilikuwa inashuka na bei za sokoni hazishikiki. Hayo yote niliyajua. Lakini mwezi ule nilikuwa sijaleta mtu hata mmoja.

"Weka, shangazi," nikasema. "Miaka miwili tu. Kiwanja hakikimbii."

"Na wewe unapata nini?"

"Radhi zako."

Akacheka, akaniombea dua. Nami nikaitikia amina bila haya.

Kiwanja kilinunuliwa na mtu mwingine baada ya wiki mbili. Mwaka uliofuata fedha za shangazi zisingetosha hata nusu ya kiwanja kama kile, na mwenye nyumba akapandisha kodi. Alipokuja kuzitoa, ni mimi niliyemsomea sharti: kabla ya miaka miwili haiwezekani. Kikulacho ki nguoni mwako, na shangazi, fundi wa nguo, hakunihisi.

Nilimngoja anilaumu. Ningeshukuru kama angenilaumu. Yeye alisema ni majaliwa ya Mungu, na Jumatatu akarudi na jirani yake, mama muuza sambusa, aliyefunga fedha zake kwenye pindo la kanga.

"Huyu ndiye mushauri yangu," alimwambia. "Iko damu yangu, hawezi kunidanganya."

Yule mama akanitazama, akingoja nimwambie la kufanya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikavuta mtoto wa meza, nikamtolea fomu.