Kaseti Mbovu ya Baba

Watoto wa siku hizi wakitaka wimbo wanaugusa kwa kidole, na ukichelewa kuanza wananuna. Enzi zetu pale Chumbageni, Tanga, wimbo ulisubiriwa wiki nzima kama mgeni wa garimoshi. Jumapili alasiri redioni kulikuwa na kipindi cha nyimbo za Kizungu, na kwetu hiyo maana yake ilikuwa bendi za Uingereza: vijana wa nywele ndefu na suruali za kubana, tuliowajua kwa picha moja tu iliyokatwa gazetini na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Baba, karani wa bandari, aliwapenda kupita kiasi. "Kututawala walitutawala," alikuwa akisema, "lakini gitaa wanalijua." Na kweli walilijua. Mpaka leo sijasikia watu wanaoimba pamoja vile, mmoja juu, mmoja chini, mwingine katikati, kisha wote wanakutana mwisho wa mstari bila kukanyagana. Mimi na kaka yangu Sefu tuliimba maneno yote bila kukosea, tukigombania kiitikio, ilhali Kiingereza cha shuleni kilitutoa jasho.

Siku ya kurekodi nyumba ilitulia kama msikitini. Waya wa kuunganisha hatukuwa nao, kwa hiyo Baba aliweka redio kaseti uso kwa uso na redio kubwa ya mbao, akafunga dirisha, akamfukuza jogoo uani, kisha akainua kidole. Hapo hakuna kukohoa. Harufu ya maandazi ilitufuata kutoka jikoni, nasi tukameza mate kimyakimya.

Jumapili moja ukaja wimbo ambao Baba aliusubiri miezi. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Wa pili ulipoanza, mlango ukafunguka, Mama huyo na mwiko mkononi: "Nyie, chai inapoa! Au mtashiba nyimbo?"

Baba akashika kichwa. Mama akatutazama nyuso zetu, akaangua kicheko, na kicheko nacho kikaingia humo humo kwenye kaseti. Tangu siku hiyo ikaitwa kaseti mbovu.

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Sauti yake haikubaki popote ila humo. Kaseti mbovu ikahamia chini ya mto wa Baba, na nilipokuwa nasafiri kuja Australia akaniwekea kwenye mkoba wa begani. "Hii usiwaachie watu wa mizigo," aliniambia.

Sasa nakaa St Marys, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao kule Seven Hills. Wengine walizaliwa Uingereza, na wanashangaa Mwafrika huyu anazijua nyimbo za ujana wao ubeti kwa ubeti. Wasichojua ni kwa nini katika wimbo mmoja, nikifika ubeti wa pili, nanyamaza kidogo. Nampisha Mama.

Nyumbani hatuna tena mashine ya kuchezea kaseti, kwa hiyo mwezi uliopita binti yangu Nuru aliipeleka kaseti mbovu kwa fundi mmoja wa hapa mtaani aihamishie kwenye simu. Jioni akarudi anatabasamu.

"Mum, tape imekatika, sorry, lakini nyimbo zote ziko kwenye computer yake. And he's cleaning it! Amesema kuna lady anapiga kelele in the middle, nikamwambia just take her out."

"Nuru, huyo lady ni bibi yako."

Uso wa mtoto ukasawijika. Akapiga simu, haikupokelewa. Tukatoka na kandambili zetu hivyo hivyo, yeye mbele anakimbia, mimi nyuma nahema na kuomba Mungu.

Tulimkuta fundi bado anahangaika na wimbo wa mwanzo wa kaseti; ule wa Mama alikuwa hajaugusa. Akatufungulia huo, akatupatia vipokea sauti vya masikioni, kimoja kwangu, kingine kwa Nuru. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ulipoanza Mama akaingia, kwa sauti yake yote, akacheka.

"She sounds like you," alisema Nuru, akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Jumapili iliyopita Nuru alifungulia wimbo ule ule jikoni kwenye simu, ule safi kama ulivyotoka Uingereza, magitaa yote yanasikika moja moja. Ni mtamu, siwezi kukataa; vijana wale walikuwa mafundi. Lakini enzi zetu wimbo mmoja uliikusanya nyumba nzima, na leo kila mtu ana wake masikioni. Nilikuwa nawaza hayo ubeti wa pili ulipoanza. Nuru, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunichanganyia Kiingereza, akapunguza sauti ya simu, akapaza ya kwake:

"Nyie, chai inapoa! Au mtashiba nyimbo?"

Nikavuta kiti, nikanywa.