Boya la Njano

Mume wangu Høgni ni fundi wa vipimo vya bahari hapa Tórshavn, mji wetu wa visiwani, na mwenye subira ya kuishi naye ajitokeze, nimpe. Kazi yake ni kufunga kwenye kamba ndefu mashine za kupima mkondo wa maji baridi yatokayo kaskazini. Chini nanga, juu boya la njano, vyote vimezama mpaka nanga ifunguliwe kwa mlio unaopelekwa majini. Mashine hukaa humo baharini mwaka mzima zikijiwekea vipimo tumboni. Zikipotea, mwaka huo umekwenda, hakuna wa kuurudia.

Adui yake ni nyavu za meli za uvuvi. Kila boya huliandika namba yake ya simu kwa mkono wake, kisha huzunguka bandarini akiwafokea manahodha: "Mkinasa kitu changu, nipigieni! Au mikono mnayo ya kushikia vikombe tu?"

Mdogo wake, Dánjal, naye ni nahodha, lakini hawasemezani tangu wagombanie kondoo dume wa marehemu baba yao. Watu wazima na mvi zao! Februari tulikuwa mezani, simu ikalia. Høgni akaona jina la Dánjal, akaigeuza kifudifudi. Ikalia tena.

"Si upokee, bwana we!"

"Anataka kunicheka tu huyo. Nipe viazi."

Mei, yeye na wenzake wa kazini walikwenda kuzitoa mashine. Wakapeleka mlio wa kufungua nanga, wakangoja boya liibuke. Wakarudia na kurudia. Hakikuibuka kitu. Akarudi akiwalaani wavuvi wote wa visiwa hivi, hata chakula hali. Alinichosha, jamani.

Kisha ikaja siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, nyumbani kwa Dánjal. Hiyo hakuweza kuikwepa. Uani, watoto walikuwa wamepanda boya lililopakwa rangi nyekundu. Høgni akawashusha, akatoa kisu, akakwangua. Chini yake njano. Kisha tarakimu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mashine ziko wapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Nilikata kamba, zikazama," akasema Dánjal. "Zilinasa wavuni, bahari imechafuka, vijana wangu wangeumia. Nilitaka unielekeze namna ya kuziokoa, kaka. Nilikupigia mara mbili."

Høgni akanigeukia, macho yakiniomba nimtetee. Nikaingia zangu ndani kumsaidia mama mkwe kukata keki.